Ndege ndogo na transponda: mnara wanakuona, lakini wanakuona kimo gani?

Ndege yenyewe ni ya viti vinne, injini moja, bawa juu, na umri wake unakaribia nusu karne. Miaka mingi ilifanya kazi bara, ikizunguka mashamba ya ng'ombe katika nyika za Taita na Galana, ambako rubani akitazama kushoto na kulia haoni mwenzake hewani ila tai. Kwenye dashibodi palikuwa na tundu la mstatili lililozibwa kwa kipande cha bati. Hapo ndipo ilipokaa transponda yake ya kwanza. Ilikufa, ikatolewa, na hakuna aliyeona haja ya kutia nyingine.

Mwenye ndege alipostaafu alihamia Pwani, naye akaja nayo. Akaiweka kwenye kiwanja cha binafsi kaskazini ya Mtwapa. Nia yake haikuwa kubwa: siku za mapumziko aruke mpaka Ukunda, anywe chai na jamaa zake Diani, arudi kabla ya jua kutua. Lakini hebu fikiria ramani, msomaji wangu. Baina ya Mtwapa na Ukunda ipo Mombasa, na Mombasa upo Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Kutoka uwanja huo hadi Ukunda ni kama kilomita 29 tu ukinyoosha mstari. Njia kuu ya kurukia pale imelala kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi, kwa hivyo majabali yanayokuja kutua au yanayopaa hushuka na kupanda pande zile zile ambazo mzee huyu alitaka kupita na kindege chake. Huwezi kuingia anga ya namna hiyo ukiwa bubu.

Basi alinunua transponda. Aliipata ng'ambo, mtumba, pamoja na viungo vyake, na fundi mmoja ambaye jina lake silitaji akamfungia. Kisha akanipigia simu mimi, si kwa kazi, bali kwa saini. Mimi nilianza maisha na redio za meli hapo Kilindini, nikaishia kwenye redio na saa za ndege, na leseni yangu bado hai ingawa siku hizi nafanya kazi kidogo kidogo. "Fundi, kila kitu tayari, ni karatasi tu," aliniambia. Ningeweza kumkatalia kwa simu. Lakini atakayeirusha ndege ile mara nyingi zaidi ni binti ya dada yangu, ambaye ana leseni ya urubani na anakusanya saa zake. Nikaenda.

Kabla sijasema nilichokikuta, nieleze kifaa chenyewe, maana naona watu wengi, hata wenye ndege, hukichukulia kama redio ya gari: kikiwaka, kimekwisha.

Rada ziko za aina mbili. Ile ya kwanza hutupa mawimbi na kusubiri mwangwi. Ikigonga bati la ndege, mwangwi unarudi na mwongozaji anaona doa. Doa hilo halina jina, na baya zaidi halina kimo. Kundi kubwa la ndege wa porini nalo laweza kuleta doa. Aina ya pili haitegemei mwangwi, bali huuliza. Hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda iliyomo ndani ya ndege hujibu kwa megahezi 1090. Wenye mitumbwi wa Likoni watanielewa upesi. Usiku katika mlango wa Kilindini, nahodha wa meli ya makontena haoni mtumbwi wako kwa sababu upo. Anauona kwa sababu umewasha taa. Transponda ni taa hiyo, isipokuwa hii huzungumza.

Mambo haya yalizaliwa vitani. Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia walitaka kujua ndege inayokuja ni yao au ya adui, wakabuni chombo cha kuulizwa na kujibu. Wanajeshi walikipa jina la siri la kasuku, na ndiyo maana hadi leo rubani akiambiwa kwa Kiingereza aweke namba yake, neno linalotumika ni lile la mlio wa kasuku.

Jibu la kwanza ni namba ya tarakimu nne ambayo mwongozaji humpa rubani. Tarakimu zake ni za kuanzia 0 hadi 7, hakuna 8 wala 9, kwa hiyo namba zote kwa jumla ni 4,096. Tatu kati yake kila rubani anazijua kwa moyo: 7500 ni utekaji nyara, 7600 redio imekufa, 7700 ni hali ya hatari. Jibu la pili ni kimo. Hapa ndipo penye uzito wote, nami nitapakalia sana.

Transponda peke yake haijui iko juu kiasi gani. Huambiwa na kijisanduku kingine kiitwacho enkoda, ambacho kimeungwa na mpira unaotoka kwenye tundu dogo ubavuni mwa ndege. Hewa ya nje huingia hapo, na kadiri ndege inavyopanda, ndivyo shinikizo la hewa linavyopungua, na enkoda hugeuza upungufu ule kuwa futi. Wengine hushangaa wakisikia kwamba kitufe ambacho rubani hukizungusha kwenye saa yake ya kimo, ili kuipatanisha na hali ya hewa ya siku hiyo, hakigusi enkoda hata kidogo. Enkoda hupima daima kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, hektopaskali 1013.25, na marekebisho hufanyika huko chini kwenye kompyuta za waongozaji. Kwa hivyo rubani anaweza kuwa na saa iliyo sahihi kabisa mbele ya macho yake huku enkoda nyuma ya dashibodi inasema mambo mengine, naye asijue. Transponda nyingi za zamani hazionyeshi kimo kwenye uso wake. Kinawaka kitaa kidogo tu kuonyesha kwamba imejibu.

Na majibu hayo hayasikilizwi na mnara pekee. Ndege za abiria hubeba kifaa cha kuepusha migongano, TCAS. Kanuni za kimataifa za ICAO zinakidai kwenye ndege za injini za tabo zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19. Kifaa hiki nacho huuliza transponda za jirani, bila kumtegemea mtu wa chini. Kikiona mwelekeo mbaya, kwanza humtahadharisha rubani, kisha humwamuru: panda, au shuka. Rubani hufundishwa kutii amri ile papo hapo. Sasa ikiwa ndege ndogo haina transponda, TCAS haioni kitu. Ikiwa ina transponda isiyotoa kimo, itaonyesha kwamba kuna mtu karibu lakini haiwezi kuamuru apande au ashuke, maana haijui yule mwingine yuko juu au chini.

Wamarekani walilipia somo hili. Tarehe 31 Agosti 1986, ndege ya abiria aina ya DC-9 ya Aeroméxico ilikuwa inateremka kuelekea Los Angeles. Kindege cha Piper chenye watu watatu kikaingia katika anga ile yenye msongamano bila ruhusa. Kilikuwa na transponda, na ilikuwa ikifanya kazi, lakini haikuwa ya kutoa kimo. Ziligongana juu ya mji wa Cerritos. Walikufa 64 ndani ya DC-9, watatu wa Piper, na 15 waliokuwa majumbani mwao chini, jumla 82. Baada ya hapo Marekani ilidai ndege zinazoruka ndani ya maili 30 za baharini kutoka viwanja vyao vikubwa ziwe na transponda ya kutoa kimo, na ndege kubwa za abiria zikalazimishwa kubeba TCAS.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyopaa kutoka Wilson, Nairobi, kuja Diani, iligongana na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Waliokuwa ndani ya ile kubwa, abiria 39 na wafanyakazi watano, walirudi Wilson salama. Wawili wa kwenye Cessna walifariki. Siitaji ajali hii ili nimnyooshee mtu kidole. Naitaja kwa sababu safari ile ilikuwa ya kuja kwetu, na baadhi yetu tulikuwa na watu tuliowangoja Ukunda asubuhi ile.

Kuna wanaosema rubani ana macho, aangalie nje. Ni kweli, na lazima aangalie. Lakini tufanye hesabu kidogo. Kindege kinakwenda kilomita 200 kwa saa, jabali linaloshuka lafika kilomita 460. Zikielekeana uso kwa uso, zinakaribiana kwa mita 183 kila sekunde. Mkiwa mbali kwa kilomita tano, mna sekunde 27. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba rubani huhitaji sekunde 12 na nusu kuanzia jicho kuona kitu hadi ndege kugeuka. Zinazobaki ni 14 na nukta, na hapo tumechukulia kwamba alikiona kidoa kile mara tu kilipofika kilomita tano, jua la Pwani likiwa halimpigi machoni.

Basi nikafika kiwanjani. Mpwa wangu alikuwepo, naye ndiye aliyeirusha ile ndege wiki iliyotangulia, yeye na mwenyewe, wakifuata ufuo. Waliomba mnara uthibitishe. Wakaambiwa wanaonekana, futi 1,000.

"Mjomba, mnara si wameshaniona?" aliniambia nilipoanza kufungua masanduku yangu. "Walisema futi 1,000, na saa yangu ilikuwa futi 1,000. Sasa wapima nini tena?"

Nilimwambia ashike tochi.

Nilianza tumboni mwa ndege, kwenye antena. Ni kijiti kifupi, kama sentimita saba, kwa sababu urefu huo ndio robo ya wimbi la megahezi 1090. Lazima kisimame juu ya bati safi. Rangi hukwanguliwa mpaka chuma kionekane, kisha ukingo unazibwa, maana huku kwetu chumvi ya bahari haina simile: bara antena hukaa miaka, hapa msimu mmoja wa kusi watosha kuanzisha kutu chini yake. Huyu fundi alikuwa ameifunga juu ya rangi. Nikaifungua, nikakwangua, nikaifunga upya. Nikatazama tundu la hewa ubavuni, kwa sababu mavu wa huku hupenda kujenga udongo ndani ya vitundu vya namna hiyo ndege ikilala siku mbili bila kifuniko. Lilikuwa safi. Nikapima kama mpira unavuja, kwani ukishaukata kuunganisha enkoda ni lazima upime. Haukuvuja.

Kisha nikaja kwenye kipimo ambacho kilikuwa hakijafanywa. Unachomeka pampu kwenye tundu la hewa na kuvuta hewa taratibu, ili ndege iliyokaa chini idhani inapanda. Pembeni unaweka kifaa kinachouliza maswali kama rada na kusoma majibu. Enkoda za aina ile huhitaji dakika kadhaa kupata joto, tukangoja. Nikaanza sifuri, nikapanda kwa futi 500 kila hatua, mpwa wangu akiandika.

Sifuri ikasema 500. Nikadhani bado haijapata joto. Futi 500 ikasema 500. Futi 1,000 ikasema 1,000. Futi 1,500 ikasema 1,000. Futi 2,000 ikasema 2,500. Futi 2,500 ikasema 2,500, na 3,000 ikasema 3,000.

Mpwa wangu aliacha kuandika. Akarudia kusoma ile safu mara mbili. Siku ile ufuoni mnara ulimwambia ukweli mtupu: alikuwa futi 1,000, na futi 1,000 ni moja ya vimo ambavyo mashine ile ilikuwa ikivisema sawa.

Sababu yake ni rahisi ukiijua. Enkoda za zamani hutuma kimo kwa nyaya tisa au kumi, kila mmoja una umeme au hauna, na mpangilio wa zenye umeme na zisizo nao ndio hutaja futi. Waya mmoja ukikatika, kimo hakipotei chote. Kinaharibika pale tu ambapo waya ule ungepaswa kuwa na umeme. Waya uliokatika hapa ni ule mafundi wanaouita B4. Kwenye futi 500, 1,000, 2,500 na 3,000 waya huo kwa kawaida hunyamaza, kwa hivyo kukatika kwake hakujulikani. Kwenye sifuri, 1,500 na 2,000 hutakiwa kusema, na haukusema. Nilipofungua plagi nyuma ya transponda nikaukuta umeng'oka kwenye risasi, umejikunja pembeni, na pini jirani zake zimeota kijani.

Sasa mtie mpwa wangu futi 2,000 juu ya Shanzu, na jabali la abiria linakuja usawa wa 2,500. Transponda yake inasema naye yuko 2,500. TCAS ya lile jabali inaweza kumwamuru rubani wake ashuke kumkwepa binti ambaye hayuko pale, aende kule chini ambako binti yuko kweli. Ndege isiyo na transponda kabisa, angalau mwongozaji akiiona kwa macho au kuisikia redioni hujua kwamba haijui kimo chake, na huziweka nyingine mbali. Hii ingeaminiwa.

Mwenye ndege alikuja akaitazama ile karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea nyika. "Ni waya mmoja tu, fundi. Uchomelee, twende," alisema.

Nilimjibu kwamba naweza kuchomelea B4 leo, lakini plagi nzima imeoza, na mwakani utakatika waya mwingine, na siku hiyo mimi sitakuwa hapa na pampu yangu. Tukabishana kidogo kuhusu bei, maana kifaa kipya si cha shilingi elfu mbili tatu. Mpwa wangu hakusema kitu, ila aliikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba wake, na mzee alimwona. Baada ya siku chache akanipigia kuniambia ameagiza mpya.

Hii mpya haitumii rundo la nyaya. Enkoda yake hutuma kimo kama maandishi kupitia waya mmoja, na waya ukikatika kimo hutoweka chote, kwa hivyo mnara unajua mara moja kuna kasoro. Hutaja kimo kwa hatua za futi 25 badala ya 100. Pia ina namba yake ya kudumu, moja kati ya zaidi ya milioni 16 duniani, ambayo hutolewa na nchi iliyoisajili ndege; za Kenya huanza kwa 04C. Ndani yake kuna kipokezi cha setilaiti kinachoiwezesha kutangaza mahali ilipo takriban mara mbili kila sekunde bila kuulizwa. Wale vijana wanaofuatilia ndege kwenye simu, majibu wanayoyaona mengi yanatokana na matangazo hayo. Marekani imeyafanya ya lazima katika anga zenye msongamano tangu tarehe 1 Januari 2020.

Kazi ya kuifunga ilituchukua siku nne, na nusu ya muda huo ulikwenda katika kung'oa nyaya za zamani. Tuliipima ndege uzito upya, ingawa kifaa chenyewe hakifiki hata kilo mbili, kwa sababu chochote kinachoongezwa lazima kiandikwe. Kisha nikarudi kwenye pampu: sifuri, 500, 1,000, na kuendelea mpaka kimo cha juu ambacho ndege ile huweza kufika, nikapanda na nikashuka. Tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni futi 125. Yetu haikupita 30. Hapo ndipo nilipotia saini, na kando yake nikaandika tarehe ya kipimo kijacho. Marekani hurudia kila miezi 24; mimi kwa chumvi ya huku nimemwambia mzee aniite kila mwaka, akakubali kwa kuguna.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu aliruka peke yake kwenda Ukunda. Nilikuwa nyumbani Kibokoni. Kabla ya adhuhuri simu ikalia ujumbe: "Mjomba, nimetua. Juu ya Nyali niliwauliza wananiona kimo gani. Wamesema 1,500. Saa yangu ilikuwa 1,500."